Kuwazoesha Walimu Mfumo wa Masomo ya Mtandaoni

Mwalimu-mwanafunzi asomaye makala haya hatakaa muda mrefu kabla ya kuombwa kazi ambayo hakuitazamia. Ataripoti katika shule yake ya kwanza, huenda Mkalama au Itigi, na kabla hajapangiwa vipindi, mwalimu mkuu atamkabidhi kishikwambi na kumwambia, "Wewe ni kijana, tuoneshe mambo haya." Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye, nayo Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka mtandaoni mfumo kwa ajili ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA. Basi ombi la mwalimu mkuu ni la haki. Tunakusudia kueleza namna ya kulijibu, kwa kutumia yale tuliyojifunza tulipowaingiza wakufunzi wenzetu katika mfumo wa namna hiyo.

Mfumo huu ni mfano wa darasa lililowekwa ndani ya kompyuta. Lina rafu ya vitabu, ubao wa matangazo, mahali pa kukusanyia madaftari, baraza la majadiliano na orodha ya maksi. Mmoja ulio maarufu ni Moodle, unaotumiwa pia na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Ulitungwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka Agosti 2002. Dougiamas alikulia nyikani, akasomeshwa utotoni kwa njia ya redio. Sisi nasi si wageni wa jambo hilo: baada ya Azimio la Musoma la 1974, maelfu ya walimu wa UPE walifunzwa kwa masomo ya posta na redio huku wakiendelea kufundisha vijijini. Posta na redio zilifikisha somo, walakini kazi za walimu hao zilihitaji mtu wa kuzisoma na kuzijibu.

Hilo ndilo tulilolisahau mara ya kwanza. Tuliwakusanya wakufunzi ukumbini, tukawaonesha ukutani kila kitufe kwa muda wa saa mbili, kisha tukawafungulia akaunti. Mtandao ulikatika katikati ya somo. Baada ya mwezi mmoja tuliona kwamba wengi hawakurudi kabisa. Walio wazee walikaa kimya. Nasi, kwa haraka ya ujana, tulidhani wamegoma. Kumbe waliona haya kuuliza mbele ya watu waliowahi kuwafundisha wenyewe.

Mara ya pili hatukuanza na vitufe. Tulipiga picha ukurasa wa daftari la mtoto wa shule ya mazoezi, tukauficha jina, tukauweka katika baraza la majadiliano. Mtoto aliandika: 1/2 + 1/3 = 2/5. Swali letu lilikuwa moja tu: mtoto huyu amefikiri nini? Tuliwagawa wakufunzi wawili wawili, na yule asiyeijua mashine ndiye aliyeshika kishikwambi.

Vijana walijibu upesi: "Afundishwe upya." Mkufunzi mmoja mzee, aliyebofya herufi moja moja kwa kidole kimoja, aliandika kwamba mtoto amejumlisha namba za juu, kisha za chini, kana kwamba sehemu ni namba mbili zisizohusiana. Akashauri mtoto apewe nusu ya mkate, aongezewe theluthi, kisha aulizwe iwapo sasa ana mkate mwingi au mchache kuliko nusu. Maana 2/5 ni pungufu ya nusu, na hakuna aliyeongezewa mkate akapungukiwa. Wenzake saba walimwandikia maswali jioni ile. Aliwajibu wote.

Jibu lake tulilitumia tulipofika kwenye majaribio. Mashine husahihisha maswali ya kuchagua kwa nukta moja, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Yaweza kusema 2/5 ni kosa. Haiwezi kujua sababu, ila mwalimu akiwa ameitabiri. Moodle humruhusu mtunzi kuandika maelezo mbalimbali kwa kila chaguo. Kwa hiyo, aliyechagua 2/5 hurudishiwa lile swali la mkate, si alama ya mkasi peke yake. Kazi hii ni ya polepole. Mtunzi hana budi kuchukua machaguo ya makosa kutoka katika madaftari ya watoto, wala si kuyabuni mezani.

Kuhusu mtandao tutasema machache. Programu ya Moodle ya simu huweza kupakua masomo mahali penye mtandao, mwalimu akayasoma mahali usipokuwapo. Tena mfumo mzima waweza kuwekwa katika kompyuta moja ya shule na kuunganishwa na vishikwambi vilivyo karibu bila intaneti. Umeme ni shida nyingine. Chajini siku moja kabla.

Yule mkufunzi mzee sasa huwaongoza wenzake wapya, nao hawamwonei haya kwa kuwa naye bado hubofya kwa kidole kimoja. Tuligundua tu kwamba ameandika nywila yake kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari la mahudhurio. Tulimwomba aibadilishe.