Dhahabu ya Mirathi ya Mtoto: Kuuza au Kutunza

Mapambo ya dhahabu aliyorithi mtoto ni mali yake kamili, lakini uamuzi wa kuyauza au kuyatunza hufanywa na mtu mwingine kwa niaba yake. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, jambo hili hutokea mara nyingi, kwa kuwa bangili, mikufu, vidani na herini ni akiba ya mwanamke kama zilivyo pambo. Mama anapofariki, dhahabu yake huenda ikawa ndiyo mali kubwa inayohamishika aliyoiacha. Kabla ya kuulizana bei, kuna mambo matatu ya kuthibitishwa: ni gramu ngapi hasa zilizo za mtoto, nani ana mamlaka juu yake, na kila pambo lina thamani gani.

Si kila dhahabu iliyomo kabatini ni mirathi. Bangili alizotunzwa mtoto alipozaliwa zilikuwa zake hata kabla ya msiba, na hazigawanywi. Mkufu ambao marehemu aliazima kwa dada yake hurudishwa kwa mwenyewe. Kwa sheria ya Kiislamu, kinachobaki hutolewa kwanza gharama za maziko na madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Chukulia mwanamke Mwislamu aliyeacha gramu 144 za dhahabu, mume, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mume hupata robo, gramu 36. Mama wa marehemu hupata sudusi, gramu 24. Gramu 84 zinazosalia huwa za watoto, wa kiume 56 na wa kike 28. Familia inayosema kwa mdomo tu kwamba “dhahabu yote ni ya binti” huwa imewanyima baba yake, kaka yake na bibi yake haki yao, isipokuwa kama wakubwa wameridhia kuacha mafungu yao. Mtoto mdogo hawezi kuridhia, wala hakuna anayeweza kuliacha fungu lake kwa niaba yake.

Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mali ya mtoto husimamiwa na baba. Asipokuwepo, babu mzaa baba. Kisha wasii aliyeteuliwa, na mwishowe kadhi. Mama mjane anayemlea mtoto huhitaji uteuzi ili aisimamie mali hiyo. Tanzania Bara, mahakama humteua msimamizi wa mirathi, na Zanzibar, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulikia mirathi ya Waislamu. Nchini Kenya, Sheria ya Mirathi haitaki mtu mmoja peke yake akabidhiwe usimamizi wa mali isiyo na wasia ikiwa fungu la mtoto litabaki chini ya udhamini. Kanuni ya kote ni moja: msimamizi huangalia maslahi ya mtoto, si ya nyumba. Fungu la mtoto mmoja halilipi ada ya mwingine, na wasii hajiuzii mwenyewe mali aliyowekewa amana.

Thamani ya pambo huanzia kwenye uzito na karati. Dhahabu safi ni ya karati 24. Ya karati 22 hugongwa alama 916, ya 21 alama 875, na ya 18 alama 750, yaani sehemu za dhahabu safi katika kila sehemu 1,000. Gramu 28 za karati 21 zina gramu 24.5 za dhahabu safi. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi yenye gramu 31.1, kwa hiyo bei ya aunsi ikigawanywa kwa 31.1, kisha ikazidishwa kwa gramu za dhahabu safi, hupatikana kiwango cha kulinganishia kila bei ya sonara. Uzito wa mawe, shanga na nta iliyojazwa ndani ya bangili hutolewa kwanza. Alama nayo haitoshi kuaminiwa: sonara hupima kwa tindikali na jiwe jeusi la kusugulia, na maduka makubwa hutumia mashine ya mionzi ya X, ambayo haiharibu pambo.

Ada ya ufundi iliyolipwa dukani hairudi pambo linapouzwa kama dhahabu kuukuu. Ndiyo maana kidani chenye nakshi nyingi huuzwa kwa hasara kubwa kuliko bangili nzito iliyo wazi. Lakini baadhi ya mapambo yana thamani kuliko uzito wake, kama kazi ya mkono ya zamani isiyotengenezwa tena, au sarafu za dhahabu za Uingereza ziitwazo sovereign, zilizozoeleka kufanywa kidani. Kila sarafu hiyo ina takriban gramu 8 za karati 22, na wakusanyaji huweza kulipa zaidi ya bei ya dhahabu iliyomo, hasa kama haijatiwa kikuku cha kuning’inizia kwa moto. Mapambo ya aina hii hayafai kupelekwa kuyeyushwa kabla ya kukaguliwa na mjuzi wa vitu vya kale.

Hoja ya kutunza ina nguvu pale ambapo fedha ya nchi hupoteza thamani. Katikati ya miaka ya 1980, dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa chini ya shilingi 20 za Tanzania. Mwaka 2024 ilikuwa imevuka shilingi 2,500. Akiba ya shilingi iliyowekwa wakati ule karibu yote imeyeyuka, na bangili imebaki bangili. Hata hivyo, dhahabu nayo hushuka. Januari 1980 aunsi ilifika dola 850. Mtoto aliyerithi wakati huo na kutimiza miaka 18 mwaka 1998 aliikuta chini ya dola 300. Aliyerithi mwaka 2001, bei ikiwa chini ya dola 300, alitimiza umri huo mwaka 2019 bei ikiwa zaidi ya dola 1,200. Hakuna msimamizi aliyeweza kuyajua hayo mapema, na kwa hiyo kubashiri bei si sababu ya kutosha ya kuuza wala ya kutunza.

Sababu zinazotosha ni za mtoto mwenyewe. Matibabu, ada ya shule isiyo na mlipaji mwingine, au mahali pa kuhifadhi pasipo na usalama, ni sababu za kuuza. Nyingine ni nafasi ya kugeuza dhahabu isiyozaa kuwa mali inayozaa, kama kiwanja kilichoandikwa kwa jina la mtoto, au vipande vya Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS nchini Tanzania. Zaka nayo huhesabiwa. Kwa Mashafii, mali ya mtoto hutolewa zaka inapofika nisabu, takriban gramu 85 za dhahabu safi, lakini mapambo ya kuvaliwa kwa njia ya halali husamehewa. Yanayofichwa kama hazina hayasamehewi. Katika mfano uliotajwa, hakuna mtoto aliyefikia kiwango hicho.

Uamuzi bora huwa wa pambo kwa pambo. Yenye kazi ya kale, yenye historia ya familia na yale ambayo mtoto atayavaa hutunzwa; mazito yasiyo na upekee, yaliyokatika na herini zilizobaki moja moja huuzwa kwanza, kwa kiasi cha hitaji tu. Anayeuza huchukua bei kwa masonara watatu walau, siku moja, kwa mizani inayoonekana, na hudai risiti yenye uzito, karati na bei ya gramu. Fedha huingia katika akaunti ya mtoto. Anayetunza huorodhesha kila pambo kwa uzito na picha, huweka nakala kwa ndugu wa pili, na hukodi sanduku la amana benki pale gharama yake inapolingana na mali yenyewe.

Usimamizi huisha mtoto anapofikia utu uzima na kuonyesha akili ya kuendesha mali. Makabidhiano hufanywa mbele ya mashahidi, kama inavyoagizwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 6: mapambo yaliyobaki, risiti za yaliyouzwa, na hesabu ya kila shilingi iliyotumika.