Safari ya Zawadi Kampala: Nani Apange?



Mwaka jana barua ilifika katika tawi letu la shamba moja la chai lililo upande wa Lugazi. Jina la shamba nalificha, maana mambo yaliyotokea huko yangeweza kutokea popote. Barua ilisema kwamba kwa kuwa kiwanda kilivuka lengo la mwaka, kampuni imeamua kuwapa wafanyakazi 42 zawadi ya kutembea Kampala siku mbili, kulala hoteli, kula vizuri, na kupanda mashua ziwani. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga makofi. Halafu nikaisoma ile barua mara ya pili.

Safari ilikuwa Jumamosi na Jumapili. Majina yalikuwa yamekwisha andikwa ofisini. Na mashua ilikuwa ya kuanza saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku, pamoja na muziki na bia.

Kwanza niwaeleze safari hizi zinatoka wapi. Watu wa biashara hiyo husimulia kwamba ilianzia Marekani mwaka 1910, katika kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha, National Cash Register cha Dayton, ambacho kiliwapeleka wauzaji wake bora New York bure. Tajiri aliona kwamba mtu aliyetembezwa hurudi na kuuza zaidi, na tena hueleza wenzake, nao hutaka kwenda. Siku hizi ni kazi kubwa duniani. Yako makampuni ambayo kazi yao ni kupanga tu: basi, hoteli, michezo, fulana zenye maandishi. Kampala nayo imezoea wageni wa makundi. Mwaka 2007 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana hapa, na Januari 2024 wale wa nchi zisizofungamana na upande wowote walikuja Munyonyo. Mahoteli yaliyojengwa kwa wakubwa yanahitaji kujazwa na watu wengine wakati wakubwa hawapo. Ndipo zawadi hizi zikateremka kutoka kwa wauzaji wa bia na sabuni mpaka kwetu.

Wako wenzetu waliosema katika mkutano, "Tupewe fedha, Kampala tutakwenda wenyewe." Siwalaumu. Lakini mimi nasema mshahara una meza yake, na safari ina meza yake. Hatari ni pale meneja anapochanganya meza hizo mbili, na kusema katika mazungumzo ya mishahara kwamba mwaka huu mmekwisha tembezwa. Tuliomba iandikwe kwamba safari si sehemu ya mshahara wala haipunguzi nyongeza, na karani aliandika mistari miwili tu. Hiyo mistari miwili naithamini kuliko ile fulana niliyopewa.

Sasa majina. Katika watu 42, wachumaji walikuwa sita. Waliobaki ni makarani, madereva, manyapara na watu wa mashine. Mzee mmoja aliyechuma chai tangu ujana wake alisimama akauliza, "Hilo lengo lililovukwa, majani yalikwenda yenyewe kiwandani?" Watu walicheka, meneja naye akacheka, lakini alikuwa amekwisha shikwa. Baada ya maneno mengi tulipata kwamba kila kikosi cha shambani kichague mtu wake mbele ya wote, na nusu ya nafasi ziwe za shambani. Wanawake walichaguliwa 17.

Swali la siku lilikuwa gumu zaidi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Ofisi ilisema, "Safari si kazi." Basi nikauliza, kama si kazi, kwa nini barua inasema kuhudhuria ni lazima na kutakuwa na hotuba ya meneja wa mauzo? Tena wako wanaokwenda kanisani Jumapili, na Wasabato wana Jumamosi yao. Tukahamisha safari ikawa Jumatano na Alhamisi. Hapo likazuka jambo ambalo ofisi haikulifikiria hata kidogo: mchumaji hulipwa kwa kilo. Asipochuma siku mbili hapati kitu. Yaani mtu apewe zawadi, arudi nyumbani na mfuko mwepesi kuliko wa jirani yake aliyebaki! Ilikubaliwa kila mchumaji alipwe wastani wa kilo zake za mwezi uliotangulia. Ndugu zangu wa mashamba ya miwa na kahawa, angalieni jambo hili kabla ya lingine lolote.

Mpango wa siku ya kwanza ulioletwa na kampuni ya safari ulikuwa wa mtu asiyepanda basi. Alitaka tuone Namugongo, Jumba la Makumbusho, msikiti wa Old Kampala, makaburi ya Kasubi na soko la Owino, yote kabla ya saa 9 mchana. Anayetoka Lugazi anajua: kilomita hazifiki 50, lakini kutoka Mukono, Seeta, Bweyogerere, Kireka mpaka Nakawa unaweza kukaa mpaka miguu ikavimba. Tukafuta Namugongo, kwa kuwa wengi wetu huenda tarehe 3 Juni, na Owino tukaiacha kwa sababu kundi la watu 42 sokoni humo ni kutafutana mpaka jioni. Tukabakiza mahali patatu. Ukipanga safari ya watu wengi Kampala, patatu kwa siku panatosha, na chakula katikati.

Jumba la Makumbusho lilianza mwaka 1908 pale kwenye ngome ya Lugard, Old Kampala, na mwaka 1954 likahamia jengo lake la sasa, Kitante. Nilidhani watu watachoka. Kumbe tulipofika penye ngoma na zeze za kila kabila, mwenzetu mmoja wa West Nile, mtu wa tanuri ambaye hasemi sana kazini, aliona adungu. Alianza kueleza nyuzi zake, jinsi kubwa na ndogo zinavyopigwa pamoja, na mti unavyochimbwa. Kiongozi wa jumba alinyamaza akamwachia. Watu wa miaka mingi katika kiwanda kimoja, siku hiyo ndiyo walijua kwamba huyu ni fundi wa muziki. Michezo ya kampuni ya kujenga umoja, kama vile kupitisha yai kwa kijiko, sikuona ikifanya kazi ya namna hiyo.

Katika msikiti wa Old Kampala, uliofunguliwa mwaka 2008, wanawake hupewa nguo za kujifunika mlangoni, basi waambieni mapema wasishtuke. Mnara una ngazi nyingi. Wazee na wenye shida ya magoti wapangiwe mahali pa kukaa chini, wasionekane wavivu. Kutoka juu unauona mji wote na vilima vyake. Kasubi wamelala Kabaka Mutesa I, Mwanga, Daudi Chwa na Edward Mutesa. Nyumba ile kubwa ya nyasi iliungua tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Baganda walikwenda kwa heshima yao, na sisi wengine tulivua viatu tukasikiliza.

Lakini nilichotaka hasa kuwaandikia ni mashua.

Tarehe 24 Novemba 2018, Jumamosi jioni, mashua ya starehe iliyoitwa Templar ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono, pamoja na watu waliokwenda kufurahi. Wavuvi walikimbilia kuokoa. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mashua haikuwa na leseni, na ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Miezi miwili kabla yake, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, wakafa zaidi ya watu 200. Nacho kilizidisha watu. Ziwa ni lile lile, na kosa ni lile lile.

Niliposema habari hizi mbele ya kamati, yule bwana wa kampuni ya safari alisema, "Mzee, unatia watu hofu, hii ni sherehe." Nikamwambia na Templar ilikuwa sherehe. Kisha nikamuuliza: leseni ya mashua iko wapi? Imeandikwa kubeba watu wangapi? Majaketi ya kuokolea maisha ni mangapi? Hakuwa na jibu hata moja, kwa sababu yeye alikodi kwa mtu aliyekodi kwa mtu mwingine. Ndivyo kazi hii inavyokwenda. Kampuni yenu humlipa mpangaji, naye humlipa dalali, dalali akamtafuta mwenye mashua. Ajali ikitokea kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Kwa hiyo tulitaka meneja mwenyewe atie sahihi kwamba siku hizo mbili, tangu kupanda basi mpaka kurudi, mfanyakazi yuko kazini, na akiumia atatendewa kama aliyeumia kazini. Alikawia siku nne, akatia.

Tukaondoa usiku. Mashua ikawekwa saa 3 asubuhi siku ya pili, bia ikawekwa baada ya mashua, si kabla, na maelezo ya usalama yasemwe kwa Kiswahili. Najua Kampala wako wasioipenda lugha hii, kwa ajili ya askari wa zamani waliokuwa wakiwapiga watu huku wakiisema. Lakini katika shamba letu yuko Mlugbara, Msoga, Mwalur, Mganda na Mnyarwanda, na lugha tunayoelewana wote ni hiyo. Mtu aambiwe namna ya kufunga jaketi kwa lugha anayoielewa.

Basi Alhamisi tukafika ufukoni, Ggaba. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Mashua ilikuwa nzuri, imepakwa rangi, muziki unalia. Leseni ilikuwepo, imeandikwa watu 50. Nikaomba kuhesabu majaketi. Yalikuwa 31, na kati yake manne hayana kamba.

Nahodha alisema wanaojua kuogelea wasivae. Mpangaji akatazama saa yake. Vijana wetu wengine nao, nasema kweli, walianza kunung'unika kwamba chama kinawaharibia siku. Hapo ndipo mama mmoja wa kikosi cha tatu, mchumaji ambaye alikuwa hajapata kuona ziwa hili kwa karibu maisha yake yote, aliweka kikapu chake chini akasema, "Mimi nimeacha watoto watano. Nitapanda nikivaa, na huyu jirani yangu akivaa." Akakaa juu ya jiwe. Wanawake wengine 16 wakakaa.

Tukakata shauri dakika chache: safari mbili badala ya moja, watu 21 kila mara, majaketi 27 mazuri yatoshe wote pamoja na mabaharia. Wanaosubiri wavute kamba ufukoni, kiwandani dhidi ya shambani. Mpangaji alilalamika juu ya mafuta ya safari ya pili. Nikamwambia amwandikie meneja, maana sahihi iko.

Shambani walishinda kamba mara tatu. Sikushangaa, mtu anayebeba kapu la majani mlimani kila siku ana mikono.

Safari ijayo tutauliza idadi ya majaketi wiki moja kabla, tusiulize tukiwa ufukoni. Tawi lolote lililopokea barua ya namna hii liilete ofisini kwetu kabla mtu hajatia sahihi, hata kama imebaki siku moja.

Yule mama alirudi kutoka majini akicheka, akala samaki wake, akanywa soda, jaketi bado limemfunga kifuani. Nahodha alilazimika kulifuata mpaka mlangoni mwa basi.