Mtoto Akiwekewa Oksijeni kwa Mara ya Kwanza



Kuna neno linalozunguka sokoni, kwenye kisima na hata ndani ya wadi ya watoto: «Wakimtia mtoto ile mipira puani, basi amekwisha.» Kwa sababu ya neno hilo, mama mmoja anakataa kabisa. Mwingine anakubali, lakini usiku muuguzi akitoka, anautoa mpira kwa siri. Mwingine anamfunga mtoto mgongoni na kurudi kijijini kabla ya kupambazuka. Wiki hii tuongee juu ya oksijeni waziwazi, ili siku muganga akisema mtoto wako anaihitaji, ujue utakachoona na sababu yake.

Neno hilo limetoka wapi?

Halikuzuka bure. Watu wameona mtoto anawekewa oksijeni asubuhi, na jioni kuna kilio. Lakini tujiulize: mtoto huyo alifika siku ya ngapi? Huku kwetu Djugu tunajua safari ilivyo. Kwanza dawa ya majani, kisha vidonge vya dukani, kisha kituo cha afya. Mvua imeharibu barabara, au njia haina usalama, au pesa ya pikipiki haijapatikana. Mtoto anafika hospitali siku ya nne, midomo imekuwa ya bluu. Oksijeni ndicho kitu cha mwisho alichopewa, kwa hiyo ndiyo inayobeba lawama. Ni kama kumlaumu jirani aliyeleta ndoo ya maji wakati nyumba imekwisha kuungua.

Oksijeni ni nini?

Si dawa ya ajabu. Imo katika hewa tunayovuta kila siku: kwa kila sehemu 100 za hewa, 21 ni oksijeni. Mapafu mazima yanatosheka na hiyo. Mapafu yenye nimonia yamejaa majimaji na usaha, kwa hiyo oksijeni kidogo tu inapita kuingia katika damu. Mtoto anahema mbio kama mtu anayepanda mlima, mpaka anachoka. Akichoka, anaacha kupumua. Oksijeni inampumzisha wakati dawa ya nimonia inapigana na ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana mtoto anapewa vyote viwili, oksijeni na sindano.

Utaona nini siku ya kwanza?

Kwanza, muuguzi atambana mtoto kidole cha mkono au cha mguu kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Hakichomi wala hakichukui damu. Kinaonyesha namba. Kwa mtoto mzima, kwa kawaida namba huwa 95 au zaidi, ingawa kwenye milima mirefu inaweza kushuka kidogo. Ikiwa chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni. Muulize muuguzi: «Kipimo chake ni ngapi?» Una haki ya kujua. Kama umempaka mtoto rangi ya kucha, itolewe, kwa sababu inaweza kudanganya kifaa.

Pili, utaona mashine yenye ukubwa wa sanduku la nguo, inayonguruma kama friji. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, na kutoa hewa ambayo zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ni oksijeni. Mahali pengine utaona mtungi mrefu wa chuma. Kazi ni ileile.

Tatu, mpira mwembamba wenye ncha mbili fupi utawekwa kwenye matundu ya pua na kushikizwa mashavuni kwa plasta. Ncha haziingii ndani sana. Mtoto atalia na kuuvuta, kwa sababu hajauzoea. Mshike mikono, mwimbie. Kwa mtoto mchanga, kiasi kinachotoka ni kidogo.

Nne, anaweza kuendelea kunyonya akiwa na mpira puani, isipokuwa muuguzi akikuambia usubiri kwa sababu anahema sana.

Atakaa nayo muda gani? Mara nyingi ni siku kadhaa. Kila siku wauguzi watajaribu kuiondoa kidogo na kupima tena. Namba ikibaki juu bila mpira, imekwisha. Mtoto hazoei oksijeni kama mlevi anavyozoea pombe.

Kazi ya mama kando ya kitanda

Usiutoe mpira bila muuguzi, hata mtoto akionekana amelala vizuri. Huenda amelala vizuri kwa sababu ya mpira huo. Angalia usijikunje chini ya mwili wake, na ncha zisizibwe na kamasi. Umeme ukikatika au mashine ikipiga kelele, ita mtu mara moja, hata kama ni saa nane ya usiku. Usione aibu.

Moto uwe mbali kabisa: hakuna sigara, mshumaa, taa ya mafuta wala mbabula karibu. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini cheche ndogo ikiipata inakuwa moto mkubwa. Usimpake mtoto vazelini wala mafuta puani na usoni.

Na malipo? Uliza siku ileile ya kwanza huduma inalipwaje, ili familia ijipange, kuliko kutoroka na mtoto ambaye hajapona.

Walioiamini waliona nini?

Nchi ya Papua New Guinea ina milima na barabara ngumu kama zetu. Hospitali 5 za huko zilipewa mashine za oksijeni na vile vifaa vya kidole. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa kwa nimonia, karibu 5 walikufa. Baadaye ikawa karibu 3. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2008. Watoto hao waliobaki hai wana mama zao kama sisi.

Usingoje midomo ya bluu

Oksijeni inasaidia zaidi mtoto akifika mapema. Mtoto mwenye kikohozi, mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika moja nzima kwa saa ya simu. Ni pumzi za mbio ikiwa ni:

– 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
– 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Akizifikia, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, anapata degedege au haamki vizuri, usingoje hata asubuhi ikiwa njia inapitika. Na kabla ya yote hayo, mpeleke kwenye chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kati yake imo ya kuzuia nimonia. Moshi wa jiko pia usikae alipolala mtoto, hasa ndani ya vibanda vya kambi.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama aje na mtoto wake, tujifunze kuhesabu pumzi pamoja. Na ukisikia tena mtu anasema oksijeni inaua, usimcheke wala usigombane naye. Mwulize tu kwa upole: «Mtoto huyo alifika hospitali siku ya ngapi?»