Kauntapointi si ugomvi wa sauti

MWANAFUNZI wangu mmoja wa tafsiri aliniuliza iwapo ‘ukinzani wa sauti’ ni tafsiri faafu ya istilahi ya muziki, kauntapointi. Nilimwambia la. Hebu tuone ni kwa nini.

Istilahi hii inatokana na maneno ya Kilatini punctus contra punctum. Punctus ni nukta, yaani noti zilivyoandikwa zamani. Linalopotosha ni contra. Ni kweli lina maana ya ‘dhidi ya’, lakini pia humaanisha ‘mkabala na’. Nyumba mbili zilizo mkabala hazigombani, na kila moja ina mlango wake.

Kauntapointi basi ni ufundi wa kuzifuma sauti mbili au zaidi, kila moja ikiwa na mahadhi yake kamili, ili zisikike pamoja bila kuchusha. Johann Joseph Fux, katika kitabu chake Gradus ad Parnassum cha 1725, anaanza kwa kumfunza mwanagenzi kuweka noti moja mkabala na moja, kisha mbili kwa moja, kisha nne. Haydn na Beethoven walikitumia kitabu hicho kujifunza.

Kosa jingine ni kudhani kwamba panapokuwa na sauti nyingi pana polifonia. Wanakwaya wanapoimba wimbo wa kanisani, soprano ikabeba mahadhi huku alto, teno na besi zikiifuata silabi kwa silabi, hiyo ni homofonia. Katika taarabu ya Unguja, fidla, udi na ganuni huandama mahadhi yale yale, kila mpigaji akiyapamba kivyake. Hiyo ni heterofonia.

Polifonia huhitaji sauti zinazojitegemea. Katika kanoni, sauti ya pili huimba mahadhi ya ile ya kwanza, ila huanza ikiwa imechelewa. Asili yake ni neno la Kigiriki kanon, na kumbe ndilo lililotufikia kupitia Kiarabu kama ‘kanuni’! Fyugi nayo inatokana na Kilatini fuga, kukimbia: sauti moja hutoa wazo, nyingine zikalidaka kwa zamu kana kwamba zinafukuzana. Bach ndiye gwiji wa ufundi huu.

Kwa hivyo, napendekeza ‘mkabala wa sauti’. Tukisema ‘ukinzani’, mwanafunzi atatafuta vita pasipo na vita. Tukisema ‘upatanifu’ tu, hataona kwamba kila sauti ina njia yake. Istilahi ikipotoka, sikio nalo hupotoka.