Farasi wa d3: Ushindi wa Kete Nyeusi, Moscow 1985

Katika sataranji, kete nyeupe ndizo hutangulia, na kutangulia huko ni faida. Kwa sababu hiyo, mwenye kete nyeusi aghalabu hutafuta usawa kwanza, ushindi baadaye. Garry Kasparov aliukiuka utaratibu huo mjini Moscow tarehe 15 Oktoba 1985, katika mchezo wa 16 wa kuwania ubingwa wa dunia dhidi ya Anatoly Karpov. Kufikia siku hiyo, kila mmoja alikuwa na pointi 7.5.

Karpov alianza kwa kusogeza kitunda cha mbele ya shaha wake. Kasparov akajibu kwa Ulinzi wa Sisilia, ufunguzi unaozua mapambano makali mapema. Katika hatua ya 8 alipeleka kitunda d5 na kukitoa mhanga. Mbinu hiyo aliwahi kuitumia katika mchezo wa 12, ulioisha sare. Alichonuia ni kuzifungulia kete zake njia, huku farasi mmoja wa Karpov akiwa pembeni, a3, bila kazi.

Hatua ya 16, farasi mweusi alitua d3, katikati ya himaya ya Karpov. Kutoka hapo alizinyima ngome nyeupe miraba ya c1 na e1. Farasi weupe nao waliishia b1 na a4, wakakwama. Karpov alikuwa na kitunda cha ziada, lakini hakuwa na pa kukanyagia. Hatua ya 34, malkia wake alimla farasi wa d3. Papo hapo farasi wa pili akamtishia shaha kutoka f2, na malkia akapotea. Baada ya hatua ya 40, Karpov alisalimu amri. Mnamo 9 Novemba, Kasparov alitwaa ubingwa kwa pointi 13 kwa 11, akiwa na umri wa miaka 22.

Hata hivyo, ushindi huo haukuthibitisha usahihi wa mbinu yenyewe. Mjini Brussels mwaka 1986, John van der Wiel aliijaribu dhidi ya Karpov. Safari hii Karpov alipeleka askofu e3 katika hatua ya 12, akabaki na faida yake, akashinda. Dawa ilikuwepo tangu awali. Ugumu ulikuwa kuigundua ubaoni, saa ikiyoyoma.