Je, Wajua? Lainibeki Hucheza kwa Macho

Tarehe 8 Desemba 2013, mjini Cincinnati, Mkenya aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Daniel Adongo alivaa jezi ya Indianapolis Colts. Nusu mwaka kabla ya hapo hakuwa amecheza mchezo huo hata mechi moja, si ya shule wala ya chuo. Alikuwa mtu wa raga, aliyekwisha kuucheza mchezo huo Afrika Kusini na New Zealand, na Colts walimsajili Julai 2013 kwa sababu ya mwili wake: kimo cha karibu mita 2, uzito wa zaidi ya kilo 115, na mbio ambazo watu wa umbo hilo kwa kawaida hawana.

Walimpa nafasi ya lainibeki. Sisi tunaopenda raga tuliona wamepata mtu wao. Si ni mtu wa kuangusha watu? Basi Adongo kuangusha watu anajua. Kumbe kuangusha ndiko mwisho wa kazi yenyewe, na wengi huishia njiani kabla hawajafika huko.

Mpenzi wa soka anamjua beki. Huyu wa Marekani ameitwa lainibeki kwa sababu husimama nyuma ya mstari. Timu inayolinda ina watu 11. Mbele wako majitu 3 au 4, wameinama mkono umegusa nyasi. Nyuma kabisa wako wepesi wanaofukuzana na wadakaji wa pasi. Hapo kati, hatua chache tu kutoka kwenye msukumano, ndipo wanaposimama malainibeki, mara nyingi 2 hadi 4. Jitu la mbele linajua kazi yake ni kusukuma, na mwepesi wa nyuma anajua kazi yake ni kukimbia. Wa kati hajui atafanya nini mpaka mpira uanze. Ukikimbizwa, aufuate. Ukirushwa, arudi nyuma amkabe mdakaji. Na zipo nyakati kocha humtuma apenye mstari amkamate kwotabeki, yule mpiga pasi, kabla mpira haujamtoka mkononi.

Uamuzi huo hufanywa chini ya sekunde moja. Anaamuaje? Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi hamwangalii mwenye mpira. Anawaangalia wale wanene wanaomkinga. Wakijitupa mbele, mpira unakimbizwa. Wakiinuka na kurudi kinyumenyume, pasi inakuja. Mmoja wao akichomoka na kukimbia kuelekea pembeni, mfuate, maana anamfungulia mtu njia. Hata kabla ya mpira kuanza kuna cha kusoma: mkono wa mmoja wa wanene hao ukizama kwenye nyasi, uzito wote umelala mbele, na mtu aliyelala hivyo hakusudii kurudi nyuma.

Kwotabeki naye si mjinga. Anajua anatazamwa, kwa hiyo hujifanya anampa mwenzake mpira, kumbe ameuficha. Lainibeki akimeza chambo akasogea hatua mbili tu, nyuma yake kumebaki kiwanja kizima, na pasi inapita juu ya kichwa chake.

Ukitazama mechi utamsikia kwotabeki akipaza sauti na kunyoosha kidole: "54 ni Mike!" Huenda huyo 54 si Mike hata kidogo. Mike, Sam na Will ni majina ya kazi, yameokotwa kwenye herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya katikati, upande wenye nguvu na upande dhaifu. Kwotabeki anawaonyesha wenzake lainibeki wa kuanzia hesabu yao ya nani azuiwe na nani. Tangu 2008, mlinzi mmoja wa kila timu huruhusiwa kuwa na redio ndani ya helmeti, na mara nyingi huwa ni lainibeki. Utamjua kwa kibandiko cha kijani kisogoni. Kocha humnong'oneza mpango, lakini saa inayohesabu muda wa kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15, redio hukatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake na macho yake, akiwapanga wenzake kumi kwa kelele na ishara.

Aliyeifanya kazi hiyo kwa namna ya kuogofya ni Luke Kuechly wa Carolina Panthers. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi mwaka 2012 alichaguliwa wa 9, akitokea Boston College, na msimu uliofuata akatajwa mlinzi bora wa ligi nzima. Sifa yake kubwa ilikuwa kutangaza mchezo wa wapinzani kabla hawajaucheza, akiwa amesimama mbele yao. Hakuwa na umbo la ajabu. Alikuwa ametazama video nyingi mno.

Hapo ndipo ugumu wa Adongo ulipokuwa. Katika raga ni kosa kumzuia mtu asiye na mpira. Huku ni ajira halali, na anayekuzuia ana kilo 140. Katika raga pasi hairushwi mbele. Huku hurushwa, nawe ulinde mgongo wako. Tena raga hutiririka, ukikosea unakimbia kurekebisha. Mechi ya futiboli huchukua saa 3 na zaidi, lakini mpira wenyewe huchezwa dakika 11 hivi, vipande vya sekunde chache, na kila kipande kina kitabu chake. (Zilizobaki ni kupanga na matangazo ya biashara.) Mwenzake Adongo wa nafasi hiyohiyo, Robert Mathis, aliongoza ligi mwaka 2013 kwa kuwaangusha makwotabeki mara 19.5. Mathis alikuwa na miaka kumi ya kusoma. Adongo alikuwa na miezi. Alichezeshwa mechi chache, zaidi kwenye vikosi vya mipira ya kuanzia, ambako kazi ni kukimbia na kugonga, akaumia, na 2015 akaachwa. Kwangu mimi, kufika tu kulikuwa maajabu.

Ligi yenyewe haina subira. Chama cha wachezaji huhesabu wastani wa safari ya mchezaji kuwa kama miaka 3.3, na haki ya pensheni hupatikana baada ya misimu 3. Wapo wanaoondoka wakiwa wameikosa kwa msimu mmoja.

Wanaodumu nao hulipa. Helmeti hulinda fuvu lisipasuke, lakini ubongo huelea ndani ya maji yake, na kichwa kikisimamishwa ghafla, wenyewe huendelea na safari. Mwaka 2002, Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, nyota wa Pittsburgh Steelers, akakuta protini ya tau imerundikana. Huo ndio ugonjwa wa ubongo uliogongwa mara kwa mara, unaoitwa CTE, na bado huthibitishwa baada ya kifo tu. Junior Seau, lainibeki aliyecheza misimu 20, alijiua mwaka 2012 akiwa na miaka 43. Uchunguzi ukaonyesha alikuwa nao. Chris Borland, lainibeki wa San Francisco 49ers, aliyasoma hayo yote, akaacha Machi 2015 baada ya msimu mmoja mzuri, akakubali kurudisha sehemu kubwa ya fedha za usajili.

Kuechly naye aligongwa kichwa mara kadhaa. Usiku mmoja wa Novemba 2016, nchi nzima ilimwona kwenye televisheni akitolewa uwanjani kwa kigari, analia bila kujizuia. Januari 2020 alistaafu, ana miaka 28, bado yumo miongoni mwa bora wa nafasi yake. Miezi michache baadaye Panthers wakamwajiri tena, safari hii kama mpelelezi wa vipaji: akae na video, awatazame wachezaji wa timu nyingine.