'Imezima tu': Kauli inayoficha ugonjwa wa roboti

MKENYA ana vitenzi vitatu vya stima. Husema imepotea, imekatwa au imefifia. Anayesikia hujua afanye nini: ikiwa imepotea, atasubiri, ikiwa imekatwa, atalipa deni, ikiwa imefifia, atachomoa friji kabla haijaungua.

Sasa wasikilize wanafunzi wanaounda roboti za mashindano. Roboti ikisimama katikati ya uwanja, wengi niliowasikia husema tu, "Imezima," au "Imeharibika." Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kauli hiyo huwagharimu mechi, na wakati mwingine vifaa.

Kisarufi, "haribika", "zimika" na "katika" ni vitenzi vya kauli ya kutendeka. Kiambishi -ik- hutaja hali na kumficha mtenda. Twasema "kikombe kimevunjwa na mtoto", lakini hatusemi "kimevunjika na mtoto". "Imezima" ya mitaani nayo hufanya kazi iyo hiyo. Nyumbani kauli hii humwokoa mtoto na kiboko. Kwa fundi ni mtego.

Chukua mashindano ya FIRST Robotics Competition, yanayoandaliwa na FIRST, shirika lililoanzishwa Marekani na Dean Kamen mwaka 1989. Mechi huchukua takriban dakika mbili na nusu. Roboti hutumia betri ya volti 12, na kuanzia msimu wa 2015 ubongo wake ukawa kompyuta ndogo iitwayo roboRIO. Hapa "imezima" huweza kuwa na angalau maana tatu.

Kwanza, umeme umefifia. Mota kadhaa zikivuta pamoja, hasa betri ikiwa imechoka, volti hushuka. Zikipungua chini ya 6.3, roboRIO ya toleo la kwanza huzinyima mota umeme ili yenyewe isizimike. Utaona roboti ikisitasita, inakwenda na kusimama, ilhali taa zake zinawaka. Hapo kagua betri, na uangalie kama nati za terminali zimelegea.

Pili, mawasiliano yamekatika. Amri hufika kwenye vidhibiti vya mota kupitia mtandao uitwao CAN: nyaya mbili zilizosokotwa, ya manjano na ya kijani, zinazotoka kifaa kimoja hadi kingine. Kila mwisho wa njia hiyo una rezista ya omu 120. Zima roboti, kisha pima kwa mita kati ya nyaya hizo. Isome takriban omu 60. Ikisoma 120, ncha moja haifikiki. Pengine kuna waya uliochomoka njiani.

Tatu, redio imekosa umeme. Roboti ikigongwa, plagi iliyolegea ikaachia kwa sekunde moja tu, redio huanza kujiwasha upya, na huweza kuchukua nusu dakika au zaidi. Ubongo uko macho, ila hausikii amri. Baadaye roboti inaamka, na wanafunzi wanasema, "Imejirekebisha." Hakuna kilichojirekebisha! Plagi ingali imelegea, inangoja kugongwa tena.

Hitilafu hizi zikiitwa jina moja, lawama humwangukia aliyeandika programu, au roboRIO nzima hubadilishwa kwa gharama kubwa ilhali kosa ni la plagi.

Kenya nayo imekuwa ikituma vijana kwenye FIRST Global Challenge, mashindano ya mataifa yaliyoanzia Washington mwaka 2017. Vifaa vya huko ni tofauti, lakini waya hulegea vilevile.

Pendekezo langu kwa walimu ni hili: mwanafunzi asikubaliwe kusema "imeharibika" kabla hajajibu maswali matatu. Ni nini kilichokoma kwanza? Taa zipi zilibaki zikiwaka? Roboti ilikuwa ikifanya nini wakati huo? Kisha roboti iinuliwe ili magurudumu yasiguse chini, iwashwe, na nyaya zitikiswe mmoja mmoja. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati. Mwishowe iandikwe daftarini sentensi kamili: "Plagi ya redio ililegea kwa sababu waya wake ulining'inia bila kufungwa."

Wapo wanaodai Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Majina ya vifaa tunaweza kuyakopa, kama tulivyokopa betri na fyuzi. Vitenzi vya kutambulisha ugonjwa tunavyo: legea, chomoka, fifia, ungua, shika kutu, gusana. Mafundi wa jua kali huvitumia kila siku. Ukimpelekea mmoja wao gari, naye akuambie tu kwamba limeharibika, hutamlipa. Hilo ulilijua ulipokuwa ukilisukuma.